Waliojihesabu Wenyewe

Vijana wenzangu, kuhesabiwa tunakujua. Unapanga foleni, unaonyesha karatasi, unaweka kidole kwenye mashine, basi. Hesabu inabaki ofisini. Lakini kuna watu maskini waliojihesabu wenyewe, na hesabu ile ikawapa nguvu.

Mwaka 1985, Mumbai, India, maelfu ya familia waliishi kwenye vibanda kandokando ya barabara. Mwaka huo Mahakama ya Juu iliruhusu jiji liwaondoe. Basi shirika la SPARC, pamoja na wanawake wa pale, wakapita kibanda kwa kibanda wakiuliza: mmetoka wapi, mnafanya kazi gani, mmekaa miaka mingapi? Ikaonekana wazi kuwa hawa si wapita njia, ni wafanyakazi ambao jiji linawategemea. Baadaye wanawake hao wakaanza kuweka akiba, kidogo kidogo.

Njia hiyo ikafika Nairobi. Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996, wakati mabanda yalikuwa yanabomolewa. Mwanzoni kazi ilikuwa kupinga tu. Halafu wakaongeza vikundi vya akiba na kujihesabu.

Kule Huruma, kijiji cha Kambi Moto, hapo ndipo palikuwa pagumu. Wengine walimiliki vibanda vingi, wengine walikuwa wapangaji wao. Nani apate nyumba? Walibishana, walikaa vikao, mwishowe wakakubaliana: mwenye vibanda na mpangaji, haki ni sawa. Mwaka 2003 wakafikia makubaliano na Halmashauri ya Jiji. Eneo lilikuwa dogo sana, kwa hiyo wakajenga kwenda juu, kila nyumba ikisimama kwenye kipande cha mita chache tu. Wenyeji wenyewe, wanawake kwa wanaume, walifanya kazi ya ujenzi.

Tusidanganyane: wale ni raia, na jiji lilikubali kuwaachia ardhi. Sisi kambini hatuna hiyo. Lakini angalia walianza na nini: daftari, akiba ndogo, na vikao ambapo mpangaji naye anasema. Ardhi ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu walikuwa tayari wamejipanga.

Nanyi ndugu wa mashirika, mnapokuja na fomu, tuachieni nakala. Hata bora zaidi, tukae pamoja tuandike maswali. Sisi ndio tunajua nyumba gani inavuja, na nani analala nje.