Ernest Hollings: Gavana Aliyehitimu Chuo cha The Citadel

Chuo cha kijeshi cha The Citadel, kilichoko Charleston katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1842 kwenye ngome iliyojengwa baada ya njama ya uasi wa watumwa iliyohusishwa na Denmark Vesey mwaka 1822, na kwa hiyo mizizi yake imo katika hofu ya mabwana kwa watu waliowamiliki. Ernest Hollings, mzaliwa wa Charleston, alihitimu hapo mwaka 1942, akapigana Afrika Kaskazini na Ulaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akarejea kusomea sheria.

Alishika ugavana wa South Carolina mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 37, baada ya kuahidi kuulinda utengano, yaani mfumo wa kisheria uliowatenga Weusi na Wazungu shuleni na mahali pa umma. Ahadi hiyo haikuwa maneno ya kampeni tu, kwani Machi 1960, chini ya utawala wake, wanafunzi Weusi walioandamana kwa amani katika mji wa Orangeburg jimboni humo walirushiwa maji kwa mipira ya zimamoto na kukamatwa kwa mamia.

Kilichomsogeza mbali na msimamo huo, kwa kadiri matendo yake yanavyoonyesha, kilikuwa uchumi zaidi ya dhamiri. Hollings alikuwa akizunguka kutafuta wawekezaji, na mwaka 1961 serikali yake ilianzisha mpango wa elimu ya ufundi uliowafunza wafanyakazi kwa ajili ya viwanda vipya. Naye alifahamu kwamba hakuna mwenye mtaji angejenga kiwanda penye ghasia kama zile za Chuo Kikuu cha Mississippi, ambako watu wawili waliuawa mwaka 1962 kwa sababu ya kuandikishwa kwa mwanafunzi Mweusi, James Meredith. Hivyo, Januari 1963, katika hotuba yake ya kuaga, aliwaambia wabunge wa jimbo kwamba mahakama za kukimbilia zinakwisha na kwamba sheria sharti itiiwe kwa heshima. Baadaye mwezi huohuo Harvey Gantt, kijana Mweusi, aliingia Chuo cha Clemson jimboni humo bila fujo.

Hollings alihudumu katika Seneti ya Marekani kuanzia 1966 hadi 2005. Mwaka 2015, miaka minne kabla ya kifo chake, jengo la mahakama mjini Charleston lililoitwa kwa jina lake lilipewa, kwa ombi lake mwenyewe, jina la J. Waties Waring, jaji Mzungu aliyeupinga utengano mahakamani mwaka 1951, wakati ambapo Hollings alikuwa bado upande wa pili.