Ngazi ya Shaka: Maneno ya Kiingereza ya Kutosadiki na Kiswahili cha Mashariki mwa Uganda, 1862–2022

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kutosadiki katika eneo la Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa kuyaangalia maneno ya Kiingereza yanayoeleza kwamba jambo haliyumkini kuwa kweli, na namna maneno hayo yanavyoweza kupokelewa katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba usahihi wa maneno hayo haukuzaliwa na Kiingereza chenyewe, bali ulitengenezwa na taasisi zilizokubaliana juu ya maana. Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa kazi hiyohiyo. Hata hivyo, mashariki mwa Uganda kiliingia zaidi kama lugha ya amri, na lugha ya amri haina nafasi kubwa ya shaka.

1. Sentensi moja, tafsiri nne

Katika Luganda, lugha isikikayo Jinja na Mbale hata katika vinywa vya wasio Waganda, mtu anaweza kusema: Mbu yabba embuzi. Maneno mawili ya mwisho yanasema kwamba mtu fulani aliiba mbuzi. Neno la kwanza, mbu, linamjulisha msikilizaji kwamba msemaji ameyapokea maneno hayo kutoka kwa wengine na hayawekei dhamana. Msemaji hasemi kwamba habari ni ya uongo, wala hasemi kwamba ni ya kweli.

Mkalimani anayeigeuza sentensi hii kwa Kiswahili ana njia nne zilizo karibu. Akisema “Aliiba mbuzi,” amefuta umbali wote ambao msemaji aliuweka. Akisema “Inasemekana aliiba mbuzi,” ametaja uvumi bila kuegemea upande. Akisema “Anadaiwa kuiba mbuzi,” ameashiria kwamba yupo mlalamikaji, na pengine jalada limekwisha funguliwa polisi. Akisema “Eti aliiba mbuzi,” mara nyingi amemfanya msemaji aonekane anaikebehi habari anayoitoa. Kwa sauti, eti hufanana na mbu kwa ufupi wake na mahali pake katika sentensi, na kwa sababu hiyo humvutia mkalimani. Kwa uzito, hayafanani.

Tofauti hii ina matokeo. Kiingereza ndicho lugha ya mahakama nchini Uganda, na Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha hiyo haki ya kupata mkalimani. Sheria ya ushahidi nayo inataka ushahidi wa mdomo utolewe na mtu aliyeona au kusikia jambo lenyewe. Shahidi aliyesema mbu, kisha maneno yake yakapita katika Kiswahili kabla ya kufika katika Kiingereza, anaweza kuandikwa kuwa ameona asichokiona, au kuwa anaidhihaki habari ambayo alikuwa akiiwasilisha kwa uaminifu. Mizani ya wahenga wa Waswahili ni nyingine tena: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo huupa uvumi heshima ambayo mahakama hainayo.

2. Jinja na shaka za wanajiografia

Jinja iliingia katika maandishi ya Kiingereza ikiwa imefungamana na swali la nani asadikiwe. Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, mahali ambapo mto hutoka ziwani, akatangaza kwamba hapo ndipo Nili inapoanzia. Miaka minne kabla yake, mwaka 1858, alikuwa ameliona ziwa hilohilo kutoka upande wa kusini, karibu na Mwanza ya leo, huku mwenzake Richard Burton akiwa amebaki Kazeh, yaani Tabora.

Burton hakusadiki. Sehemu ya hoja zake ilikuwa ya kijiografia: Speke hakulizunguka ziwa wala hakuufuata mto hatua kwa hatua. Sehemu nyingine ilihusu lugha. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay ndiye aliyezungumza na wenyeji na wafanyabiashara kwa Kiswahili. Kwa Burton, habari iliyopita katika mnyororo huo ilikuwa dhaifu. Mdahalo baina ya wawili hao ulipangwa kufanyika Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Speke alifariki siku moja kabla, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Ubishi uliendelea hadi Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 na kuonyesha kwamba kimsingi Speke alikuwa sahihi.

Tukio hili lina mafunzo mawili kwa mada yetu. Kwanza, kutosadiki hakukuwa kosa: Burton alikuwa na haki ya kutaka ushahidi zaidi. Pili, uzito wa habari ulipimwa kwa kuangalia imepitia lugha zipi na vinywa vya nani. Wasafiri waliokijua Kiswahili walibeba habari ya ziwa, ila hawakuulizwa wao wenyewe walikuwa na yakini kiasi gani.

3. Kiswahili cha amri

Katika miongo iliyofuata Kiswahili kilienea mashariki mwa Uganda kupitia njia ambazo hazikuhitaji maneno mengi ya shaka. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na baadaye cha kambi ya Jinja. Kilitumika pia katika polisi, na miongoni mwa wafanyakazi kutoka makabila mbalimbali, wakiwamo wale wa reli iliyoanza kazi kutoka Jinja hadi Namasagali mwaka 1912 na wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Huko Mbale, Semei Kakungulu na wafuasi wake waliieneza Luganda kama lugha ya utawala, na Biblia kamili ya Luganda iliyotoka mwaka 1896 iliipa lugha hiyo hadhi ya kanisa na shule. Kwa hiyo Mmasaaba au Msoga wa kizazi hicho aliweza kusikia mahubiri na hukumu za chifu kwa Luganda, na amri za askari kwa Kiswahili.

Mgawanyo huo uliathiri sera. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kitumike zaidi katika elimu na utawala, alipingwa vikali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika waziwazi dhidi ya pendekezo hilo. Mnamo Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kumshikilia waziri Felix Onama; tukio hilo lilikaza picha ya kambi kama mahali pa nguvu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha ikazidi kuhusishwa na wenye bunduki.

Kwa mtazamo wa msamiati, urithi huu ni mwembamba. Amri hutumia “fanya,” “simama,” “sema kweli.” Anayeulizwa kwa lugha hiyo hujibu “ndiyo” au “hapana.” Nafasi ya “huenda,” “sina yakini” au “nimesikia tu” ni ndogo, na mara nyingine ina hatari, kwa kuwa anayehoji anaweza kuichukulia shaka ya shahidi kuwa ni ukwepaji.

4. Kiingereza kilivyopangiwa ngazi zake

Hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba Kiingereza kina maneno mahususi, kama vile ‘unlikely’, ‘improbable’, ‘implausible’ na ‘doubtful’, ambayo Kiswahili hakina. Historia ya maneno hayo inaonyesha vingine. Neno ‘probable’ lilianza kwa maana ya rai inayostahili kukubaliwa kwa sababu watu wenye mamlaka wameikubali. Maana ya kihesabu ilikuja kupata nguvu baada ya barua za Pascal na Fermat za mwaka 1654. Kitenzi ‘doubt’ katika Kiingereza cha Scotland kiliweza kumaanisha kushuku kwamba jambo litakuwa kweli, kinyume cha matumizi ya sanifu. Nalo ‘incredible’ limechakaa hadi kuwa sifa ya chakula kizuri.

Usahihi uliletwa na taasisi. Mwaka 1947, katika kesi ya Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni, Jaji Denning alitenganisha kinachowezekana na kinachoyumkinika: uwezekano wa mbali, ambao upo lakini hauelekei kabisa kuwa kweli, hautoshi kumwokoa mshtakiwa. Mahakama za nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Uganda ikiwa mojawapo, zimeutegemea mno utenganisho huo. Mwaka 1964 Sherman Kent, mchambuzi wa idara ya ujasusi ya Marekani, alieleza jinsi ripoti moja ya mwaka 1951 kuhusu Yugoslavia ilivyotumia maneno yaliyomaanisha “uwezekano mzito.” Alipowauliza wenzake walioiandaa, mmoja alifikiria asilimia 20 na mwingine asilimia 80. Hao walikuwa wazawa wa lugha, waliotia saini ripoti moja. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi nalo likajiwekea kanuni katika ripoti yake ya mwaka 2001. Katika kanuni inayotumika sasa, ‘likely’ ni asilimia 66 na zaidi, na ‘unlikely’ ni asilimia 33 na chini.

Hivyo Kiingereza hakikuwa na ngazi hii tangu awali. Ilijengwa na mahakama, wachambuzi na wanasayansi, kila kundi kwa haja yake.

5. Hazina ya Kiswahili

Kiswahili kina mbao za kujengea ngazi kama hiyo. Kutoka Kiarabu kilipokea yakini, dhana, shaka, yamkini na muhali. Katika taaluma ya fikihi, istilahi za asili zilipangwa kwa daraja: yakini ni uhakika, dhana ni upande wenye nguvu zaidi, shaka ni pande mbili zinapolingana, na chini yake kuna wahm, upande ulio dhaifu. Mwanazuoni wa pwani aliyesoma fikihi aliijua ngazi hii vizuri. Katika matumizi ya sasa dhana imehamia kwenye maana ya wazo la kitaaluma, shaka imemeza daraja zote zilizo chini ya yakini, na wahm haikupata makazi katika Kiswahili cha kawaida.

Maana huhama. Mfano ulio wazi zaidi ni labda. Chanzo chake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya “hapana budi,” na budi yenyewe inatokana na mzizi huohuo. Mzizi mmoja umetupa neno la ulazima na neno la shaka. Lugha iliyoweza kufanya hivyo bila kuwachanganya wasemaji wake inaweza kupangiwa maana mpya kwa makubaliano.

Kuna pia njia za Kibantu na za mazungumzo. “Si rahisi aje” husema kwamba kuja kwake hakutarajiwi, bila kutaja ugumu wowote wa safari. “Sidhani” huweka shaka juu ya msemaji mwenyewe. “Wapi!” na “Thubutu!” hukataa kabisa. Maneno haya hufutwa tunapoandika rasmi, na badala yake huwekwa “uwezekano,” neno linalobeba kwa pamoja kile ambacho Denning alikitenganisha.

6. Hitimisho na mapendekezo

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwishoni mwa mwezi uleule mafuriko yaliikumba Mbale na kuua watu. Miteremko ya Mlima Elgon iliyo jirani ilikwisha kushuhudia maporomoko ya ardhi ya Nametsi, wilayani Bududa, tarehe 1 Machi 2010. Katika eneo hili tahadhari hutolewa kwa maneno ya uwezekano. Mkazi akiambiwa “kuna uwezekano wa maporomoko,” hawezi kujua kama aondoke usiku huo au asubiri msimu upite. Akiambiwa “uwezekano ni mdogo,” anaweza kusikia kwamba hakuna hatari.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wakalimani wa mahakama za Jinja na Mbale wapewe mwongozo mfupi unaotenganisha “inasemekana,” “anadaiwa” na “eti,” na unaowataka kuuhifadhi umbali ambao shahidi ameuweka. Alama za uvumi na shaka katika Lusoga, Lumasaaba, Luganda na Ateso zikusanywe kwa ajili hiyo. Pili, tahadhari za majanga zitumie ngazi moja ya Kiswahili iliyokubaliwa, na kila neno liambatane na kiwango na hatua ya kuchukua. Inaweza kuanza hivi: yakini, yaelekea, huenda, si rahisi, muhali. Tatu, walimu wa somo jipya wafundishe namna ya kusema “sina yakini” kabla ya kufundisha namna ya kutoa amri.

Pendekezo la tatu ni dogo kwa gharama na kubwa kwa historia. Upinzani wa mwaka 1929 na kumbukumbu za 1973 vilitokana kwa sehemu na hofu ya lugha ambayo raia huitumia kujibu tu. Mtoto wa Mbale atakayejifunza kuhoji habari kwa Kiswahili, akaeleza amesadiki kwa kiasi gani na kwa sababu gani, atakuwa ameipokea lugha hiyo kwa namna ambayo babu yake hakupewa nafasi ya kuipokea.