Tembe, Bati na Jina la Pili: Nyumba ya Wanandoa Nzega

Nzega ni mji wa njia panda. Barabara inayotoka Singida kupitia Igunga hukutana hapo na ile inayopanda kutoka Tabora kwenda Shinyanga na Mwanza, na pembeni mwa barabara hizo nyumba za tofali na bati zinaongezeka kila msimu wa kiangazi. Mume na mke wanaponunua kiwanja na kuanza kujenga, karatasi ya mauziano mara nyingi huandikwa jina moja, la mume, na anayeuliza sababu huambiwa ndiyo mila ya Kinyamwezi. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo linaisingizia mila. Mila ya Unyamwezi haikuwahi kuamua nani amiliki nyumba ya kudumu iliyonunuliwa kwa fedha ya watu wawili, kwa sababu nyumba ya namna hiyo haikuwapo. Tunachokiita mila ni kanuni za ng'ombe na ardhi ya ukoo, ambazo zimehamishiwa kwenye tofali na bati bila mtu kukaa na kuzipima.

Tukirudi karne ya 19, nyumba ya Mnyamwezi ilikuwa tembe, yaani jengo la pembe nne lenye paa bapa la miti na udongo, au msonge wa kuezekwa kwa nyasi. Vifaa vyake vilitoka porini na nguvu zilitoka kwa wenye nyumba na majirani. Mchwa na mvua viliidai tena baada ya miaka michache, na kijiji kizima kiliweza kuhama udongo ulipochoka au vita vilipokaribia, kama ilivyotokea mara nyingi enzi za mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na aliyehama aliiacha. Utajiri ulikaa kwingine, katika ng'ombe, majembe ya chuma na watu. Baada ya mavuno wanaume walijiunga na misafara ya pwani wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, safari ya miezi, wakalipwa vitambaa vya merikani na kaniki pamoja na shanga, nao wakayageuza malipo hayo kuwa mifugo na mahari. Baadhi ya wanawake walitembea na misafara hiyo wakibeba vyombo na kupika kambini. Waliobaki walilima nafaka iliyolisha kaya na kuuzwa kwa wapita njia. Sitaki kuupamba wakati huo, kwani mashamba mengi ya matajiri yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Manyema na kwingineko. Lakini ndani ya kaya ya kawaida, ujira wa mpagazi na nafaka ya mkewe vilikuwa uchumi mmoja, maana mwanamume asiye na mtu wa kumlimia asingeweza kuondoka miezi yote hiyo.

Nyumba kama mali ilionekana kwanza Tabora, ambako wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakiijua kwa jina la Kazeh. Wafanyabiashara Waarabu walijenga huko matembe makubwa yenye baraza na ua, kama lile la Kwihara ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Sheria ya Kiislamu ilikuwa na majibu yaliyo wazi kwa majengo hayo: mali ya mke ni yake, ya mume ni yake, na mjane hupata thumni ya urithi ikiwa marehemu ameacha mtoto, au robo ikiwa hakuacha. Mfumo huu ulimpa mwanamke haki ambayo wake wengi wa Ulaya hawakuwa nayo wakati huo, haki ya kuwa na mali yake mwenyewe ndani ya ndoa. Udhaifu unajitokeza pale mke anapotia nguvu au fedha katika nyumba ya mume bila maandishi. Utenganisho wa mali unahitaji kumbukumbu zaidi kuliko umoja wa mali, na jambo hili wengi wanaoutaja leo hulisahau.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza, linalopita Bukene ndani ya Wilaya ya Nzega, likakamilika mwaka 1928. Vijana wa Unyamwezi waliokwenda kukata mkonge Tanga walirudi na shilingi, na bati likaanza kuingia. Ndipo nyumba ikawa kitu kinachodumu, kinachouzwa na kugombewa. Bahati mbaya, wakati huohuo sheria za mila zilikuwa zikikusanywa na kugandishwa kwenye karatasi. Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, aliandika sheria za Wahaya na za Wasukuma, na kazi ya namna hiyo ikaishia katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoenezwa katika wilaya nyingi za bara. Kanuni zake za urithi zinasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Katika kaya ya tembe na ng'ombe, ambako mjane angeweza kujenga tena kwa wiki chache mahali penye ardhi tele, kanuni hiyo ilikuwa kali. Katika kaya ambayo akiba yote ya miaka 20 imelala ndani ya kuta nne, inamwacha mjane bila chochote.

Nchi ililiona tatizo, ikajaribu kulitibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ikaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kufanyia biashara, nazo zikapotea, zilikuwa zimekwisha kuwa fungu lake. Kisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikatamka kwamba mwenzi anayechangia kwa nguvu zake kuendeleza ardhi iliyo katika jina la mwenzake hupata maslahi ndani yake.

Kuna anayeuliza: kama sheria imekwisha kumlinda mke, jina la pili kwenye hati ni la nini? Jibu liko katika Sheria ya Ndoa yenyewe. Mali iliyo katika jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo; iliyo katika majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa. Kwa hiyo jina linaamua nani abebe mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo hubebwa siku mbaya kuliko zote, wakati wa talaka au msiba. Mzigo huo waliujua wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga, jirani kabisa na Nzega, walioondolewa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao. Mwaka 2006, katika shauri lao, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za mila zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki. Watu wa kawaida wasilazimike kufika huko kwa ajili ya nyumba.

Namna tunavyogharamia nyumba inaufanya mchango wa mke upotee kirahisi. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995, na ingawa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 imefungua mlango, wengi bado hujenga kwa hatua: kiwanja, msingi, boma, kisha bati. Mume hununua saruji, akapewa risiti. Mke huuza mpunga, hulipia chakula, ada na dawa, na hiyo ndiyo sababu mshahara wa mume uliweza kufika dukani kwa muuza saruji. Miaka kumi baadaye risiti za saruji zipo na za unga hazipo. Wanandoa wanaopanga vizuri wangehesabu matumizi yote ya kaya kuwa gharama ya nyumba, na mkopo wa kikoba anaochukua mke kwa ajili ya bati ukaandikwa kama unavyoandikwa wa benki. Tena benki hudai saini ya mwenzi kabla ya kupokea nyumba ya ndoa kama dhamana. Anayetakiwa kukubali hatari ya kuipoteza nyumba ana kila sababu ya kutajwa kuwa mwenye nyumba.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa ukoo, na halina ubaya wowote: ndugu wanahofia kwamba mjane akiolewa tena mali ya watoto itahamia kwa wengine. Hofu hii ni halali kwa shamba la babu, na shamba hilo libaki chini ya utaratibu wa ukoo. Kiwanja kilichonunuliwa mjini kwa mshahara na mpunga hakikutoka kwa babu. Zaidi ya hayo, sheria inatoa njia mbili. Wanandoa wanaweza kumiliki kwa umoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifa nyumba nzima hubaki kwa aliye hai bila kupita kwenye mirathi. Au kwa hisa zinazotajwa, ambapo hisa ya kila mmoja huenda kwa warithi wake. Ya kwanza inawafaa wenye mke mmoja na watoto wao wenyewe. Ya pili inafaa penye wake wengi, watoto wa ndoa ya awali, au michango iliyotofautiana sana, na hapo hakuna aibu kuandika sitini kwa arobaini. Inawafaa pia Waislamu wanaotaka kila fungu lifuate mirathi yao. Uamuzi huo ufanywe siku ya mauziano, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote mbili, kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.