AMANA YA SIRI: KUTOKA DIWANI YA KADHI HADI JALADA LA WAKILI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Alitujia msikitini baada ya sala ya Alasiri mama mmoja, akifuatana na kaka yake. Alikuwa na kesi ya talaka na matunzo ya watoto, na alimkabidhi wakili wake kila alichonacho: hati ya ndoa, vyeti vya watoto, karatasi za hospitali na barua za mumewe. Kabla kesi haijasikilizwa, karatasi zile zilikuwa zimeshapigwa picha, zinazunguka katika simu za majirani. Aliyezitoa ni mtu wa ofisi ile ile. Mama yule hakutuuliza habari ya fidia. Alituuliza suala moja tu: "Sheikh, karatasi zile zilikuwa zangu au zao?"

Wapo wanaodhani kuwa suala hili limezaliwa na kompyuta na simu. Sivyo. Fukahaa wetu walilijadili karne nyingi zilizopita, na tunaona ni vyema kuifuata historia yake hatua kwa hatua.

MWANZO WA DIWANI

Al-Kindi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 350 H (961), anatupa habari ya kadhi Sulaym bin Itr, aliyehukumu Misri zama za ukhalifa wa Muawiya (r.a.). Warithi waligombana mbele yake juu ya mirathi, akawahukumu. Kisha wakakanushana wakarudi kwake. Akahukumu mara ya pili, na safari hii akaiandika hukumu na kuishuhudisha. Anahesabiwa kuwa ndiye wa mwanzo nchini Misri kuweka kumbukumbu ya hukumu.

Tazama, ndugu msomaji, kwamba maandishi yalianza ili kulinda haki isipotee. Lakini kila kinachoandikwa kinahitaji mlinzi. Ndipo ikazaliwa diwani ya kadhi, yaani mkusanyiko wa kumbukumbu za mashauri na za hukumu, na ikazaliwa pamoja nayo elimu ya adabu za kadhi. Miongoni mwa walioiandikia vitabu ni Al-Khassaf, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 261 H. Kwa upande wetu Mashafii, Imam Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) ameeleza katika Minhaj, kitabu kinachosomwa hadi leo katika darsa za pwani yetu, kuwa inapendeza hukumu iandikwe nakala mbili: moja apewe mwenye haki, na ya pili ihifadhiwe katika diwani.

KARATASI NI YA NANI?

Hapa ndipo penye jawabu la mama yule. Al-Marghinani (aliyefariki 593 H / 1197) anaeleza katika Al-Hidaya yanayopasa kufanywa kadhi mpya anaposhika kazi. Anatakiwa aidai diwani ya aliyemtangulia. Huwatuma watu wake waaminifu waipokee mbele ya kadhi aliyeondoka au mbele ya mwakilishi wake, wamuulize habari ya kila kitu, na kila aina ya hati waiweke katika mfuko wake ili zisichanganyike.

Kisha anaingia katika mas-ala ya umiliki. Ikiwa karatasi zimenunuliwa kwa mali ya Baitul-mali, jambo liko wazi kuwa zitakabidhiwa. Ikiwa zimenunuliwa kwa mali ya wagombanao, kauli sahihi ni kuwa nazo zitakabidhiwa, kwa sababu waliziweka mkononi mwa kadhi kwa ajili ya kazi yake, na kazi hiyo imekwishahamia kwa mwingine. Na ikiwa kadhi amezinunua kwa fedha za mfukoni mwake, vile vile kauli sahihi ni kuwa atazitoa, kwani alizishika kwa ajili ya dini, hakuzishika ziwe mali yake.

Basi anayeandika juu ya watu, japo kalamu ni yake na wino ni wake, hamiliki anachokiandika. Ikiwa hivyo ndivyo kwa kadhi aliyenunua karatasi mwenyewe, itakuwaje kwa karani aliyepokea karatasi za mwenziwe?

SIRI YA MASHAHIDI

Lazima tuseme kweli. Majlisi ya kadhi ilikuwa wazi, mara nyingi msikitini, na watu wakisikia. Diwani ilifungwa na kupigwa muhuri hasa kwa kuogopa kughushiwa. Mashafii walisisitiza kuwa kadhi akiona karatasi yenye hukumu yake asiifanyie kazi mpaka akumbuke, isipokuwa ipo kauli inayoruhusu ikiwa karatasi ilikuwa imehifadhiwa kwake. Kwa hiyo asijeakadhania mtu kuwa kila lililopita mbele ya kadhi lilikuwa siri.

Hata hivyo, palikuwa na mlango ambao siri yake ilihifadhiwa kwa makusudi, nao ni uchunguzi wa mashahidi. Kadhi alipotaka kujua uadilifu wa shahidi, alituma kikaratasi kilichoandikwa nasaba yake, sifa za umbo lake na msikiti anaosali. Kikaratasi hicho kikiitwa mastura, yaani kilichositiriwa. Kilikwenda kwa siri na kurudi kwa siri, ili mchunguzi asijulikane akahadaiwa au akadhuriwa. Jina, nasaba, umbo, mahali pa ibada: hizi ndizo wanazoziita leo taarifa binafsi, na fukahaa walizipa jina la sitara.

WAKILI NA MKONO WA AMANA

Kumwakilisha mtu katika ugomvi ni jambo la tangu zama za Sahaba. Imepokewa kuwa Ali (r.a.) alimwakilisha ndugu yake Aqil katika mashauri yake, na Aqil alipozeeka akamwakilisha Abdullah bin Jaafar. Fukahaa wakaweka kanuni, na tatu kati yake zinatuhusu hapa.

Kwanza, mkono wa wakili ni mkono wa amana. Kikiharibika kitu bila ya kosa lake hadhamini, lakini akivuka mpaka au akizembea, anadhamini. Pili, katika madhehebu yetu wakili hawezi kukiri mbele ya kadhi jambo linalomdhuru aliyemwakilisha likamlazimu. Abu Hanifa aliona kinyume, lakini kwetu ulimi wa wakili haukukodiwa ili umuumize mwenyewe. Tatu, wakili hampi mwingine kazi aliyopewa bila ya idhini, iwapo anaiweza. Na pale anaporuhusika kuwakilisha mwingine, sharti amchague mwaminifu. Karani anayefungua majalada anaingia katika maana hii.

MIPAKA YAKE

Hind bint Utba (r.a.) alimshtakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, naye akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Wanavyuoni wakafahamu kuwa mwenye kudai haki anaruhusika kutaja aibu ya mwenziwe kwa kadiri ya haja. Ruhusa hiyo ina kadiri yake: anayesikia amesikia kwa ajili ya haki ile tu, na akiihamishia barazani inageuka kuwa kusengenya. Kadhalika, siri haiwi pazia la dhulma. Anayemtaka wakili wake amsaidie kughushi wasia hana amana ya kudai.

SHERIA ZA LEO

Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, zilizofuata mkondo wa Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, zinamzuia wakili kufichua aliyoambiwa na mteja bila ya ridhaa yake, na wajibu huo unabaki hata baada ya kazi kwisha. Nazo haziilindi siri inayokusudiwa kutenda uovu. Kisha Kenya ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu hali ya ndoa, afya, mali na majina ya watoto kuwa ni taarifa nyeti, na inayotaka uvujaji wenye hatari uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya kusimamia. Anayedhulumiwa anapo pa kupeleka malalamiko, na si aibu kwenda.

Na sisi maimamu tusiwanyooshee vidole mawakili peke yao. Madaftari ya ndoa na talaka yamo makabatini mwetu, na maneno ya suluhu ya wanandoa yamo vifuani mwetu. Kabati lifungwe, ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayejulikana, karatasi isipigwe picha, na mfano wa darsa usichukuliwe katika nyumba ya jirani.

Mama yule tulimjibu: "Zilikuwa zako. Mkononi mwao zilikuwa amana, na aliyezitoa amekhini." Kaka yake akaandika malalamiko, nasi tukamsaidia kuyapanga. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa kijana mdogo alipotumwa na Mtume (s.a.w.). Alipochelewa nyumbani, mama yake akamuuliza alitumwa nini, akajibu kuwa ni siri. Mama yake hakumbana. Akamhimiza asimwambie mtu. Malezi hayo ndiyo tunayoyahitaji, majumbani kwanza na maofisini baadaye.

Wabillahi tawfiq.