Mbeleko, Winda na Kigari: Vifaa vya Mtoto Vilikotoka



Sisi tunaoshona nguo za watoto tunawaona wazazi wapya kabla hata ya mkunga kuwaona. Wiki iliyopita alikuja mteja, mimba yake miezi saba, na simu mkononi. Ndani ya simu mna orodha ya vitu vya kununua kabla mtoto hajafika: kigari, kitanda, mbeleko ya mikanda, mashine ya kupashia chupa, na vyengine ambavyo hata sisi hatukuvijua. Alitaka tumshonee vile vinavyoshoneka, na vilivyobaki tumwambie vinapatikana duka gani.

Tulimkumbuka mteja mwengine aliyemtangulia. Yeye alichukua pesa ya kikoba akanunua kigari. Anakaa Michenzani, ghorofa ya nne, ngazi tupu. Kigari kimekunjwa nyuma ya mlango, kinatundikiwa nguo. Deni amelilipa mpaka mtoto ameanza kutembea. Na tuseme ukweli: kigodoro cha kigari kile tulikishona sisi, na pesa yake tuliila. Ndiyo maana leo tumeona tukae tusimuliane vifaa hivi vimetoka wapi, ili anayenunua ajue ananunua nini.

Tuanze na chetu. Wazee wetu walikuwa hawapendi kumkatia mtoto kanzu kabla hajazaliwa. Lakini vitu viwili vilikuwa tayari siku zote: mkaja na mbeleko. Mkaja ni nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko, wengine husema ubeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Nguo hizi mbili zilipewa heshima kubwa hata zikaingia katika desturi za posa za pwani. Mwanamme akija kuoa, mbali na mahari ya bibi harusi, alitoa kilemba cha baba, mkaja wa mama na ubeleko. Maana yake ni kuwa mama huyu alijifunga tumbo kwa ajili ya binti huyu, akambeba mgongoni mpaka akafika umri wa kuolewa, na leo anayemchukua ashukuru. Tafuta duniani kifaa chengine cha mtoto kinachokumbukwa siku ya harusi yake.

Mbeleko yenyewe ilikuwa nguo yoyote iliyokuwepo. Katika karne ya 19 nguo iliyojaa Unguja ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyo rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka mji wa Salem. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833. Merikani ikitiwa rangi nyeusi ya buluu inakuwa kaniki. Wajakazi na masikini walivaa hizo.

Kisha katika nusu ya pili ya karne ile likaja jambo la wanawake wenyewe. Madukani kulikuwa na leso za mkononi, neno tulilolipata kwa Wareno, zikiuzwa kwa kukatwa kutoka kwenye jora. Wanawake wakawa wananunua leso sita kwa pamoja bila kuzitenganisha, wanazikata tatu na tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu, inapatikana nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa kwa upana ule. Ndiyo kanga, na inasemwa jina limetokana na madoadoa ya ndege kanga. Mpaka leo Mombasa wanaiita leso. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliziacha kaniki wakavaa kanga, iwe alama kwamba sasa ni watu huru. Kwa hiyo mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga miaka ile alibebwa ndani ya nguo ya uhuru wa mama yake.

Sisi wa cherehani tunaijua kanga kwa mkono pia. Ni pamba tupu, nyepesi, haimtii mtoto joto sana. Ukiivuta wima au mlalo haivutiki, lakini ukiivuta mshazari inatoa kidogo. Ndiyo maana mama anapoipitisha bega moja na kwapa la pili, inajikaza kwenye umbo la mtoto yenyewe. Hakuna aliyechora kwenye karatasi. Ni akili ya mikono ya wanawake wengi.

Sasa safiri nasi kidogo. Miaka ya 1960 muuguzi mmoja wa Kimarekani, Ann Moore, alikwenda Togo, Afrika Magharibi, na vijana wa kujitolea wa Peace Corps. Akawaona kina mama wamefunga watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Aliporudi kwao akajifungua binti, akataka kumbeba vile vile, mtoto akawa anateleza. Akamwambia mama yake, Lucy Aukerman, amshonee kitu chenye mikanda. Bibi yule akakaa cherehani akashona. Watu wakawaona barabarani, wakaulizia, ikawa biashara. Kifaa kikaitwa Snugli, na mwaka 1969 kikapata hati ya ubunifu. Mbeleko nyingi za mikanda tunazoziona madukani leo zimefuata njia ile.

Hatumlaumu Ann Moore. Yeye mwenyewe alisema alikojifunza. Tunachosikitika ni kumsikia binti wa hapa akiona aibu kubeba mtoto kwa kanga ya mama yake, kisha anatafuta laki ya mkopo kununua mfano wake. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kigari nacho kina asili yake. Mwaka 1733 fundi mashuhuri wa Uingereza, William Kent, alitengeneza kigari kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire. Kilikuwa na umbo la kombe la baharini, na kilivutwa na mnyama mdogo. Kilikuwa kitu cha kuchezea watoto wa matajiri katika bustani zao. Vigari vya kusukumwa vilivyokuja baadaye navyo vilikuwa vizito, vya njia pana zilizonyooka. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa ndege ambaye aliwahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito safarini. Akabuni kinachokunjika kama mwavuli, kwa mabomba mepesi ya alumini. Ukikunja cha kwako leo, unakunja fikra ya baba aliyemhurumia mwanawe.

Ni kifaa kizuri penye njia yake. Mwenye mapacha, mwenye mgongo unaouma, anayekaa penye barabara ya lami, kitamfaa. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe, mchanga wa Makunduchi na ngazi za Michenzani havikuwamo katika hesabu ya fundi.

Tuje kwenye nepi. Bibi zetu walimpiga mtoto winda kwa kipande cha kanga kuukuu. Kuukuu kwa sababu kanga mpya ina wanga wa kiwandani, hainywi maji vizuri. Ikifuliwa mwaka mzima inalainika na inanyonya. Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao walitumia vitambaa, wakivibana kwa pini. Pini ile ya kujifunga, isiyomchoma mtoto, ilibuniwa na Walter Hunt wa New York mwaka 1849. Haki yake aliiuza kwa dola 400 tu.

Hadithi inayotugusa sisi zaidi ni ya Marion Donovan, mama wa Kimarekani aliyechoshwa na kufua nepi na mashuka yaliyolowa. Mwaka 1946 alichukua pazia la plastiki la bafuni, akalikata, akakaa cherehani nyumbani kwake akashona kifuniko cha nepi kisichovujisha. Watengenezaji hawakumjali. Mwaka 1949 akakiuza mwenyewe katika duka la Saks Fifth Avenue, kikanunuliwa sana. Alipokuja na wazo la nepi ya karatasi ya kutupa, wenye viwanda walimwona hana la maana. Mwaka 1961 Procter & Gamble wakatoa Pampers, na leo kila nepi ya kutupa tunaiita pampasi, hata ikiwa ya kampuni nyengine.

Pampasi ni rehema usiku na safarini. Lakini kisiwa ni kidogo, na pampasi haiozi upesi. Ukienda ufukweni baada ya mvua kubwa utaziona zimerudi. Winda mchana na pampasi usiku inawezekana, na mfuko unapumua.

Kwenye chupa tunaomba mtusikilize zaidi. Uingereza ya karne ya 19 iliuza chupa za kioo zenye mrija mrefu wa mpira, mtoto ananyonya peke yake amelala. Zilipendwa kwa kuwa zilimpa mama nafasi. Lakini mrija ule haukusafishika, maziwa yakaozea ndani, na watoto wengi wakafa, mpaka watu wakaziita chupa za mauaji. Katika karne ya 20 maziwa ya unga yalitangazwa kwa nguvu katika nchi masikini, kwa kina mama wasio na maji safi. Watu wakalalamika, na mwaka 1977 kukaanza Marekani mgomo dhidi ya bidhaa za Nestlé. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kuzuia maziwa hayo kutangazwa ovyo.

Sisi Waislamu tulikwisha pewa mwongozo. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo akamwekea baba wajibu wa chakula na nguo za mama kwa wema. Na katika Surat al-Qasas tunasoma habari ya mama yake Nabii Musa, aliyeamrishwa kumnyonyesha, na akimhofia amtie mtoni. Mtoto alifika kwenye kasri la Firauni, penye kila kitu, akakataa wanyonyeshaji wote mpaka akarudishwa kwa mama yake. Aliyeshindwa kunyonyesha kwa maradhi hana dhambi wala aibu, aende kwa wauguzi wamwongoze. Lakini mwenye maziwa asiyaache kwa sababu ya tangazo.

Kuna habari moja tumeiweka mwisho kwa makusudi. Mwaka 1978 katika hospitali moja ya Bogotá, nchini Kolombia, mashine za kuwatia joto watoto njiti zilikuwa hazitoshi. Dk. Edgar Rey Sanabria akawaambia kina mama wawaweke watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wawafunge kwa kitambaa, wawanyonyeshe. Ilikuwa njia ya wasio na kitu. Miaka ikapita, ukafanywa utafiti mkubwa katika hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Waliingizwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 katika siku 28 za mwanzo. Waliosubiri kwanza hali itulie walikufa asilimia 15.7. Utafiti ukasimamishwa mapema, kwa kuwa haikufaa tena kuwanyima wengine. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa watoto njiti kila mahali.

Kifua cha mama na kitambaa, wapenzi. Hivyo ndivyo vilivyookoa watoto ambao hata mashine ziliwasubirisha.

Basi yule mteja wetu wa miezi saba tulimwambiaje? Tulipunguza orodha yake pamoja, tukabakisha hivi: doti tatu za kanga na vipande vya kuukuu vya winda, chandarua chenye dawa, kofia na soksi, beseni lake peke yake, kikombe kidogo na kijiko, na sabuni ya kutosha. Mwenye gari anunue kiti cha mtoto cha kufunga kwa mkanda, kwa sababu gari ikifunga breki, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto, na hapo kanga haisaidii. Pesa iliyobaki tulimwomba aiweke kwa nauli ya hospitali usiku na chakula chake cha arubaini.

Na si kila la zamani ni zuri. Kitovu kikae kikavu, kisipakwe kitu alichokataza mkunga. Ukimbeba mchanga, mbebe mbele, uso wake uuone, kidevu kisizame kifuani. Akilala, mlaze chali.

Tulipoteza mauzo siku ile, kigodoro kimoja na foronya zake. Lakini alirudi juzi na mama yake mzazi, wameshika kanga moja iliyofifia, wanataka tuipinde ncha zilizochanika. Ni ile aliyobebewa yeye. Tumeipinda bure.

Mwenyezi Mungu awajaalie wajawazito wote wepesi wa kujifungua, na watoto wema. Amin.