Bunkeya: kijiji kilichohamwa kikarudiwa

Muulize mtu wa Lubumbashi habari za Bunkeya, atakutajia siku moja tu: 20 Desemba 1891, siku aliyouawa M'siri. Siku hiyo ilibadili Katanga nzima, hakuna ubishi. Lakini kijiji hiki cha bonde la Lufira, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi ukishapita Likasi, kina habari nyingine, na kwa maoni yangu yaliyofuata kifo kile yanastahili kusimuliwa zaidi.

M'siri, ambaye kwao aliitwa Ngelengwa, alikuwa Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija huku kutafuta shaba. Mwana akaja, akabaki, akajenga dola ya Garenganze. Bunkeya ikawa soko kubwa: shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vikitoka, bunduki na baruti zikiingia kutoka Angola na pwani ya mashariki. Enzi hiyo tusiipambe. Wasanga, wenyeji wa eneo hili, walichoshwa na mkono mzito wa mtawala, wakaasi, na kufikia 1891 nchi ilikuwa na vita na njaa.

Misheni nayo ilianzia hapa. Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alipokewa na M'siri mnamo Februari 1886, mji wa Lubumbashi ukiwa bado haujazaliwa. Dan Crawford alimfuata 1890. Bunkeya ilipoanguka akahamia Luanza, kando ya ziwa Mweru. Jina la Garenganze kanisa lao linalo mpaka leo.

Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumikia maslahi ya Mfalme Leopold II, alifika 14 Desemba 1891 na msafara wa mamia ya watu, wengi wao Wazanzibari. M'siri aliposita kuikubali bendera ya serikali ya Leopold, Stairs akaipandisha mwenyewe. Siku iliyofuata Kapteni Omer Bodson akampiga M'siri risasi. Bodson naye akapigwa palepale, akafa.

Mji ukahamwa. Mukanda Bantu, mwana wa M'siri aliyerithi kiti, alikubali utawala mpya, akakaa na watu wake upande wa Lofoi, karibu na kituo cha serikali ya Leopold. Wapiganaji wake waliisaidia serikali hiyo dhidi ya Wasanga. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi namwona mtu aliyeokota vipande vya ukoo uliovunjika, ingawa gharama walilipa wengine.

Alifariki 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya sasa. Mwaka 1911, vijana wa nchi nzima wakianza kuvutwa na kazi za mshahara mjini, mrithi wa Mukanda Bantu, Mwami Kitanika, aliwarudisha Bunkeya Bayeke, yaani watu wa dola ile ya M'siri. Walirudi mahali pasipo soko wala jeshi, wakajenga upya. Bila uamuzi huo, Bunkeya leo ingekuwa jina la vitabuni tu.

Ukoo haukufa. Godefroid Munongo, wa damu ya M'siri, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe mwaka 1960, chini ya bendera yenye misalaba mitatu ya shaba. Alitawala Bunkeya kama Mwami tangu 1976 mpaka alipofariki Kinshasa mwaka 1992.

Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Bunkeya iko mkoa wa Lualaba. Msomaji wa Lubumbashi anayetaka kuyasikia haya kwa wenyewe aende 20 Desemba, Bayeke wanapomkumbuka M'siri, na awaulize wazee kuhusu 1911.