Kitabu cha saiba: jinsi kompyuta ilivyofika majumbani Malindi na Kilifi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zimenisonga. Leo nina kisa kimoja cha nyumbani, halafu historia kidogo, halafu tutamaliza na mambo ya kufanya. Chukueni chai.

Mamangu ni mwalimu wa shule ya msingi huku Malindi. Alinunua leptopu yake ya kwanza, mpya kabisa, nailoni bado iko juu ya skrini. Akaniambia, "Mwanangu, niwekee kila kitu, na usisahau dawa ya virusi." Nikaona hiyo ni kazi ya saa moja. Windows imo tayari, ukuta wa moto umewashwa, kinga ya virusi imo ndani. Tukaamua kuijaribu kwa kujaza fomu ya kodi, maana tarehe 30 Juni ilikuwa inakaribia (walipa kodi wa Kenya mnaijua hiyo tarehe).

Nywila ya iTax hakuikumbuka. Hakuna neno, tukaomba nyingine, ikatumwa kwa baruapepe. Kufungua baruapepe, nayo ikataka kutuma tarakimu kwa nambari ya simu inayoishia na 47. Mama hana laini inayoishia na 47. Hajawahi kuwa nayo.

Alikaa akiwaza mpaka akakumbuka. Ile ilikuwa nambari ya kijana wa saiba aliyemfungulia baruapepe miaka hiyo. Kijana mwenyewe siku hizi yuko Qatar. Tukapiga ile nambari, akapokea mama mmoja wa Eldoret ambaye aliuziwa laini ile kama mpya na hajui lolote kuhusu Malindi. Yaani leptopu iko salama, lakini funguo za mwalimu mzima ziko kwa mtu asiyemjua! Na huyo mama wa Eldoret angekuwa mtu mbaya, je?

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tulifikaje hapa. Jibu nimelipata katika njia ambayo kompyuta zilipitia kuja kwetu.

Tuanze mbali kidogo, Ngomeni, kama kilomita thelathini kaskazini ya Malindi. Waitaliano walisimamisha majukwaa yao baharini pale, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa nyingine ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mpaka mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimeondoka pale. Kwa hiyo hesabu za kompyuta zilifika pwani yetu mapema sana. Lakini zilikuwa nyuma ya ua, na wavuvi wa Ngomeni waliyaona majukwaa kwa nje tu. Kompyuta ilikuwa kitu cha wenyewe, na sisi ni wageni wake. Hali hiyo ilidumu muda mrefu kuliko tunavyofikiri.

Miaka ya 1990 simu zote nchini zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, KPTC. Intaneti ilianza Nairobi mwaka 1995 kupitia kituo cha ARCC. Mwaka 1999 shirika likagawanywa, tukapata Telkom, Posta na tume ya mawasiliano. Kuunganisha nyumba wakati huo kulihitaji simu ya waya, modemu, na moyo wa kulipia kila dakika. Na data yote ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti, kwa hiyo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwalimu au mvuvi angeiweza wapi?

Ndipo saiba zikatuokoa. Wenye umri wangu tulizikuta zimeshajaa mjini: chumba kidogo, feni, kompyuta sita au nane, na meza ya mwenye saiba karibu na mlango. Watalii waliingia kuandikia kwao, vijana waliingia kutafuta marafiki wa Yahoo, na wazee walikuja na karatasi mkononi. Mzee hakuketi mbele ya kibodi. Alisimama nyuma, akasema maneno yake, kijana akaandika.

Huo haukuwa mtindo mgeni pwani. Tangu zamani asiyejua kuandika alikwenda kwa anayejua, akaandikiwa barua yake, na siri zake zikabaki pale. Ilikuwa amana, na mwandishi aliyevunja amana alipoteza jina mtaani. Kijana wa saiba alirithi kiti hicho. Alikufungulia baruapepe, akabuni nywila (mara nyingi jina lako na 123), akaiandika katika kitabu cha mezani ili ukirudi umesahau akusaidie. Nia ilikuwa njema. Ila barua ya zamani ikishatumwa imetoka mkononi mwa mwandishi, wakati nywila inaendelea kufungua mlango miaka kumi baadaye, hata kijana akiwa Qatar na kitabu kikiwa kimefungia maandazi.

Wakati huohuo kompyuta za mitumba zikaanza kuingia majumbani. Huko duniani vita vilikuwa vikali. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitoka Manila na kusambaa kwa baruapepe kikijifanya barua ya mapenzi. Agosti 2003 akaja mnyoo wa Blaster, na mwaka 2004 Sasser, ambao haukuhitaji ubonyeze chochote. Kompyuta kuwa mtandaoni tu bila kinga ilitosha. Microsoft ikajibu Agosti 2004 kwa sasisho kubwa la Windows XP, Service Pack 2, ambalo liliwasha ukuta wa moto bila kusubiri uuwashe mwenyewe.

Lakini kompyuta nyingi za kwetu hazikuwa na intaneti, kwa hiyo hazikupata sasisho. Watu wakasema, haina intaneti, haiwezi kuugua. Kumbe ugonjwa ulikuja mfukoni! Ulikwenda saiba na flashi kuchapisha barua, ukarudi nayo nyumbani. Windows za wakati ule ziliweza kuendesha programu yenyewe mara tu kifaa kinapochomekwa, na watengenezaji wa virusi walilijua hilo. Conficker, aliyetokea Novemba 2008, alitumia mtandao na baadaye flashi pia, ingawa Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu lile mwezi mmoja kabla. Tabia ile ya flashi kujiendesha ilizimwa katika XP na Vista kwa sasisho la Februari 2011. Asiyesasisha hakuona faida yake.

Nyumbani kwetu tulilipa. Mwaka 2010, nikiwa darasa la sita, tulikuwa na kompyuta ya mezani iliyobeba picha zote za harusi ya dadangu. Siku moja nilichomeka flashi niliyotoka nayo saiba. Folda zote zikageuka njia za mkato, ukifungua hakuna kitu. Fundi akasema ni virusi, akafuta diski yote na kuweka Windows upya. Picha zikaenda. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasomea kompyuta, ndipo nikajua kwamba virusi vya aina ile kwa kawaida havifuti faili. Huzificha tu, na amri moja fupi huzirudisha. Sijawahi kumwambia dadangu. Leo atasoma hapa.

Kisha mambo yakaenda mbio. M-Pesa ilianza Machi 2007. Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi. Data haikulazimika tena kupanda angani. Modemu za kuchomeka zikajaa madukani, na baada yake simu za kisasa. Katika miaka ya 2010 serikali nayo ikahamia mtandaoni: kodi iTax, vyeti na leseni eCitizen, mikopo ya wanafunzi HELB, nafasi za vyuo KUCCPS.

Hapo ndipo kile kitabu cha saiba kilipopata uzito mpya. Zamani kilikuwa na nywila za Yahoo, za kusalimiana na jamaa wa Muscat. Sasa kilikuwa na kodi, mikopo na vyeti vya watu. Mtu mmoja mezani, bila ubaya wowote, alishika funguo za nusu ya mtaa. Sheria zilikuja baadaye: ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, na ya ulinzi wa data mwaka 2019. Ni vizuri zipo, lakini sheria haiwezi kukukumbusha nambari iliyosajiliwa katika baruapepe yako.

Wengi wetu tunaponunua leptopu tunawaza dawa ya virusi, kwa sababu tunaikumbuka vita ya mwaka 2010. Vita hiyo kwa sehemu kubwa Windows inajipigania yenyewe, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga ya virusi huja nayo. Lililobaki wazi ni lile la saiba. Basi mkifungua kompyuta mpya, fuateni mpango huu:

1. Anza na baruapepe. Ingia kwenye mipangilio, angalia nambari ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti. Kama si zako, badilisha leo, ungali na nywila. Kisha weka nywila mpya ndefu na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

2. Kisha iTax, eCitizen na nyinginezo. Hakikisha baruapepe na nambari zilizosajiliwa ni zako. Nywila ziwe tofauti. Ukiziandika daftarini, daftari likae kabatini kwako.

3. Acha masasisho yajiwekee. WannaCry wa tarehe 12 Mei 2017 alipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilitolewa Machi mwaka huohuo. Ukinunua ya mtumba, uliza Windows gani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine haiwezi 11, Linux Mint au Ubuntu ni bure na hupata masasisho.

4. Usikubali Windows ya kuvunjwa kufuli. Programu ya kuvunja kufuli huomba uzime kinga kwanza. Mgeni akikuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, utamkaribisha?

5. Weka nakala ya picha mahali pawili, moja nje ya kompyuta. Fundi akisema "nafuta yote", mwambie asubiri, atazame kwanza faili zilizofichwa.

6. Ukienda saiba, nenda. Bado tunazihitaji. Ila andika nywila kwa mkono wako, na utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Na mama je? Ilibidi aende ofisi ya kodi na kitambulisho, baruapepe ikabadilishwa, akawasilisha fomu siku mbili kabla ya mwisho. Ile baruapepe ya zamani imepotea, pamoja na barua alizoandikiana na marehemu mjomba aliyekuwa Muscat. Hizo hakuna ofisi ya kuziombea.

Kwa hiyo kabla hujalala leo, waulize wazazi wako swali moja: baruapepe yenu imesajiliwa kwa nambari ya nani?

Tukutane tena panapo majaaliwa.